Njia ya Maji

Msomaji, ukikutana na fundi wa pikipiki katika Ruiru au Thika, mwulize ni kitu gani kiuacho injini upesi. Usistaajabu akikujibu kuwa ni joto. Injini huishi kwa moto, na kwa moto huohuo hufa. Petroli iwakapo ndani ya silinda, sehemu ya nguvu zake huzungusha gurudumu, na sehemu kubwa zaidi hugeuka joto lisilo na kazi. Joto hilo lisipopewa njia ya kutoka, pistoni huvimba ikakwama, na chuma hupindika. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza jambo hili, na gharama ya mafunzo hayo. Maana aliyeilipa hakuwa mimi.

Babu yangu alikuwa karani katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, kabla nyumba hazijachukua mahali pa mikahawa. Alikuwa na pikipiki ya BSA, aina ya B31, iliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1950. Injini yake ilikuwa ya silinda moja, nayo ilipozwa kwa upepo tu: silinda ilizungukwa na mapezi ya chuma, na upepo ulipopita ulichukua joto ukaenda nalo. Babu alipofariki, pikipiki ilibaki ghalani chini ya magunia. Injini ikaliwa na kutu, na vipuri vyake havikupatikana kwa bei ya mtu wa kimo changu, kwa kuwa aina hiyo iliacha kuundwa tangu mwaka 1959.

Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza shule, nikijifunza ufundi kwa mzee mmoja wa jua kali mjini Ruiru. Niliazimia kuifufua pikipiki ile na kuipeleka kwa nyanya yangu, aliyekaa Makongeni, Thika, ili aisikie ikinguruma tena. Injini niliyoipata ilitoka katika pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Ilikuwa nzima na rahisi, lakini ilipozwa kwa maji, na fremu ya babu haikuwa imeumbwa kubeba maji.

Kazi ya maji ni hii. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, nayo huchukua joto. Hutoka katika kichwa cha injini kwa mpira wa juu, huingia katika rejeta, hupita katika vijia vyembamba vinavyopigwa na upepo, hupoa, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Ni duara moja, na duara likikatika mahali pamoja limekatika lote.

Mzee aliniita akaniambia, "Kijana wangu, maji ya moto hupenda kupanda, na hewa hupenda kukaa juu ya maji. Iweke rejeta mahali ambapo kifuniko chake kitakuwa juu kuliko kila kitu. Na mpira wako usifanye kilima."

"Nimesikia, mzee," nikajibu.

Nilikuwa nimesikia, lakini sikuwa nimekubali. Rejeta mbele ya injini, chini ya shingo ya usukani, ingeharibu sura ya pikipiki ya babu. Kila mtazamaji angeiona na kujua kuwa injini si yake. Kwa hiyo mzee alipokwenda kwao kwa siku tatu, niliificha rejeta chini, kando ya injini. Mpira wa juu ukalazimika kupanda kutoka kwenye kichwa cha injini, kupinda chini ya tangi la petroli, na kuteremka. Kilima nilichokatazwa nikakijenga kwa mikono yangu. Nikatia maji hadi yakajaa kwenye kifuniko, nikadhani duara lote limejaa. Kumbe hewa ilikuwa imejikusanya katika kilima kile, juu ya upeo wa macho yangu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba niliondoka Ruiru na mdogo wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, amekaa nyuma yangu. Mwendo ni kilomita kama 20. Katika barabara kuu, injini ikienda kasi, pampu ilikuwa na nguvu ya kuyavusha maji kiasi, na upepo ulisaidia. Tulipita Juja tukiimba. Lakini tulipoingia Thika na kushika barabara ya Garissa, magari yalikuwa yamesongamana. Tulitambaa kama konokono. Pampu ilipunguza mwendo, hewa ikaziba njia, na maji yakasimama. Injini ilianza kugonga, kisha ikazima.

Tuliisukuma hadi kituo cha petroli. Nikaishika rejeta, ilikuwa vuguvugu tu. Hata feni haikuwa imezunguka, kwa maana swichi yake ilikuwa katika rejeta, nayo haikuhisi joto lolote. Hapo ndipo ujinga wangu uliponidanganya. Fundi mzoefu akikuta injini inaungua na rejeta ni baridi, hujua mara moja kwamba maji hayatembei. Mimi nilisema moyoni kuwa hakuna hatari, nikamwambia mdogo wangu, "Fungua kifuniko, tuongeze maji."

Msomaji, shika neno hili. Thika iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95. Kifuniko cha rejeta huyafungia maji kwa shinikizo, ili yaweze kuwa moto kupita hapo bila ya kuchemka. Ukikifungua ghafla, shinikizo huondoka, na maji hugeuka mvuke kwa dharuba moja. Mvuke uliokuwa umefungwa katika kichwa cha injini uliyasukuma maji nje, yakamwagika juu ya mkono wa mtoto kutoka kiganja hadi kiwiko.

Watu wakaja mbio. Mmoja alitaka kumpaka dawa ya meno, mwingine mafuta. Mama mmoja, ambaye baadaye nilijua kuwa ni muuguzi, aliwazuia wote, akauweka mkono ule chini ya bomba la maji baridi kwa dakika ishirini kamili, ndipo tukaenda hospitali. Mdogo wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, nyanya anatungoja."

Niliporudi Ruiru na pikipiki juu ya gari la mizigo, mzee hakunikemea. Aliutazama mpira wangu, akaufuata kwa kidole hadi juu ya kilima, akanyamaza. Kisha akanieleza kuwa mnamo mwaka 1908, huko Yorkshire, Uingereza, mtu aitwaye Alfred Scott alianza kuuza pikipiki zilizopozwa kwa maji bila ya pampu yoyote: rejeta ilikaa juu, mbele, na maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka. "Yeye aliyafuata maji," alisema. "Wewe ulitaka maji yakufuate."

Tuliihamisha rejeta ikakaa chini ya shingo ya usukani, mbele ya macho ya watu wote. Tuliifupisha mipira, tukapima kwamba gurudumu la mbele halitaigusa rejeta hata pikipiki ikiruka shimo. Kisha, injini ikiwa bado baridi, tuliiwasha kifuniko kikiwa wazi, tukaiminyaminya mipira, na povu la hewa likatoka hadi likakoma. Baada ya muda mfupi rejeta yote ikawa moto sawasawa. Sikupata kufikiri kuwa ningefurahi kushika kitu kilicho moto.

Mwezi wa Januari, 2017, tulifika Makongeni. Nyanya alitoka nje, akasikiliza, akasema, "Sauti hii si yake." Nilikuwa nimeificha rejeta ili watu wasijue, na mtu niliyemkusudia alijua akiwa bado hajaitazama. Kisha akaiacha pikipiki na mimi juu yake, akaenda kwa mdogo wangu, akaupandisha mkono wa shati lake polepole, akaliangalia kovu kwa muda mrefu.

Kovu hilo lipo hata leo. Kila nifungapo mpira wa maji hulikumbuka, nami huinama kutazama kama nimefanya kilima.