Tundu Nililolifuta

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba somo langu la kwanza la uadilifu wa takwimu nililipata katika karakana ya bunduki. Nilikuwa Ohio, Marekani, nikiandika tasnifu ya uzamivu, nami nilipanga chumba kwa mzee aliyestaafu kazi ya kuchonga vyuma. Nyumba yake haikuwa mbali na Camp Perry, uwanja ulioanza kuandaa mashindano ya kitaifa ya shabaha mwaka 1907. Nilimwita Mzee, kwa desturi ya kwetu, naye akalizoea jina hilo.

Kwangu mimi bunduki ilikuwa kitu cha askari na cha hofu. Kwa Mzee ilikuwa chombo cha kupimia. Majira yale ya baridi alikuwa akijiundia bunduki ya mashindano, ya risasi ndogo iitwayo .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887. Kemikali ya kuiwasha baruti yake imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini huugonga ukingo huo. Kwa hiyo nafasi inayoushika ukingo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mzee alichonga chemba ya mtutu kwenye mashine ya kereza, kisha akakilaza chuma ndani ya kitako cha mti wa jozi kwa gundi ngumu ili kisicheze. Kila badiliko alilijaribu peke yake. "Ukibadili mawili kwa pamoja," alisema, "hutajua lipi limekusaidia."

Ilipokamilika, zikaja risasi. Risasi za aina hii mpigaji hazijazi mwenyewe nyumbani, kama wafanyavyo wengi wenye bunduki kubwa, hutegemea kiwanda. Na kila toleo la kiwanda, hata kasha likiwa na jina lile lile, lina tabia yake. Mpigaji hujaribu matoleo kadhaa, huchagua moja, kisha hulinunua kwa wingi.

Mzee alipiga, mimi nilikusanya karatasi, nikapima na kuandika. Toleo moja lilitoboa matundu tisa yaliyogusana, umbali wa yadi 50. La kumi lilikwenda pembeni. Karatasi ya pili ikawa vivyo hivyo. Nilimpenda mzee yule, na nilijua amechoka. Nikajiambia ni upepo, nikapima yale tisa tu.

Alinunua risasi 5,000 za toleo lile. Kiangazi, mashindanoni, alishindwa vibaya. Aliporudi alilitoa sanduku la karatasi, akalifungua daftari langu kando yake, akahesabu kimya kimya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Lile la kumi ndilo nililokuwa nikilitafuta."

Mwaka jana nilikuwa mjumbe wa jopo la kutathmini mradi mmoja wa shule. Rasimu iliyoletwa mezani ilikuwa imeziacha shule nne zilizofanya vibaya, kwa maelezo kwamba zilikuwa na "mazingira ya pekee". Wastani ukapendeza. Walioiandaa hawakuwa wezi. Walikuwa watu wema waliochoka, waliotaka kumfurahisha mkubwa wao, kama mimi nilivyokuwa karakanani. Lakini kwa wastani ule mradi ungepelekwa wilaya nyingine, na mazingira ya pekee ya shule zile ndiyo mazingira ya kawaida ya watoto wengi huko: hakuna umeme, na mwalimu mmoja ana madarasa matatu.

Niliomba shule zile zirejeshwe kwenye hesabu. Nilijibiwa kwamba muda hautoshi, na kwamba msomi asikwamishe maendeleo. Nilikataa kutia saini.

Ripoti imekwisha kutoka. Haina jina langu, wala haina zile shule. Sijaitwa tena kwenye jopo lolote. Basi na iandikwe hapa, kwa faida ya atakayekuja kuuliza: zilikuwa nne.