Kuipenda Timu Isiyo na Msimamo

Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mtu mwenye mvi, akiandika habari za mpira wa kikapu wa Marekani. Hata mimi hustaajabu. Walakini yamenipata kwa sababu ya timu ya Houston Rockets mambo ambayo nadhani ni afadhali niyaseme.

Asili yake ni Ramadhani ya mwaka 1995. Tulisikia habari za Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, kwamba anacheza hali amefunga, na kwamba katika mwezi ule wa Februari alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Timu yake mwaka ule ilikuwa leo yashinda, kesho yashindwa. Iliingia katika michezo ya mwisho ikiwa ya sita upande wa Magharibi, kisha ikatwaa ubingwa. Nikasema nimepata timu madhubuti. Kumbe nilioneshwa tabia yake mapema, nami sikufahamu.

Timu mbovu ina raha yake. Ukijua kuwa watu wako watashindwa, walala usingizi wako. Adhabu ni timu usiyoijua itaamkaje. Mwishoni mwa mwaka 2021 Houston walishindwa mara 15 mfululizo. Nikasema, basi, nimewacha. Mara wakashinda michezo saba mfululizo, na wachezaji ni wale wale! Nikarudi, kama mtu aliyesahau kofia. Msimu ulipokwisha walikuwa wameshinda 20 tu katika michezo 82.

Lakini linalonikaa moyoni ni la miaka mitatu kabla ya hayo. Msimu ule wa 2018 walishinda michezo 65, hapana timu iliyowapita, kisha wakafika mchezo wa saba na Golden State, nyumbani kwao. Kwao ulikuwa usiku wa tarehe 28 Mei. Kwetu hapa Mombasa ilikuwa alfajiri ya tarehe 29, mwezi wa Ramadhani, wakati wa daku. Nikawa nala mkono mmoja, na simu mkono wa pili. Nusu ya kwanza ilikwisha Houston wana 54, wenzao 43.

Timu ile ilijengwa juu ya mtupo wa mbali, ule unaohesabiwa pointi tatu. Hapo ndipo penye ugonjwa wao: mtupo huo ukiwakubali, hapana wa kuwazuia, ukiwakataa, hawana pa kukimbilia, na siku ile Chris Paul alikuwa nje, ameumia. Wakakosa mitupo 27 mfululizo. Ishirini na saba! Kila mmoja niliungoja nikisema, huu utaingia. Wakafungwa 101 kwa 92.

Asubuhi ile nikakaa chuoni na kichwa kizito. Mtoto wa miaka minane akaja kusoma sura ambayo jana yake aliisoma bila kosa. Akakwama. Nikamrudisha mwanzo, akakwama pahala pale pale. Mara ya tatu nikamkemea mbele ya wenzake kwa maneno nisiyopenda kuyaandika hapa, nikamfukuza.

Bibi yake alimrudisha kabla ya adhuhuri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Maalim, jana alikuwa akiijua."

Sikuwa na la kumjibu. Watu wazima wa Houston, wasionijua, niliwangojea mara 27. Nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake wale wale. Naye akatazama chini, akacheza na upindo wa kanzu yake.

Mwezi wa Mei 2025 yalirudi: Golden State tena, mchezo wa saba tena, na nyumbani kwa Houston tena. Walikuwa nyuma michezo mitatu kwa mmoja, wakashinda miwili, nami nikaanza kuamka saa tisa za usiku. Mke wangu akaniuliza, "Leo watakuja wepi, Maalim? Wale wa juzi au wale wa siku zote?"

Walikuja wale wa siku zote. 103 kwa 89.

Nikazima simu, nikatia udhu, nikaenda kuswali, kisha chuoni. Mtoto wa kwanza kusoma siku ile alikosea aya ya pili. Nikamwambia arudie. Akakosea tena. Nikasogeza mkeka, nikamwambia akae karibu.