Matanga Yasiyoanuliwa

Mpira wa Asamoah Gyan uligonga mtambaa panya, ukapaa juu ya goli, na dakika 120 zikaisha. Ilikuwa Julai 2, 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia: Ghana 1, Uruguay 1. Katika mabanda umiza ya huku kwetu, ambako hakuna aliyewahi kuiona timu ya taifa lake ikicheza mashindano hayo, kulitanda kimya kisichosikika hata Taifa Stars wanapofungwa nyumbani. Kipigo cha Stars tumekizoea. Tunatoka tukimlaumu kocha, kesho yake tunaenda kazini. Hiki kilitushinda kwa sababu ushindi tulishauona kwa macho.

Zilikuwa dakika za lala salama, tena za muda wa nyongeza. Kichwa cha Dominic Adiyiah kilikuwa kinaingia, kipa hayupo njiani. Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, akiwa amesimama mstarini, akaupangua mpira kwa mikono miwili.

Mwamuzi aliona. Uchungu wenyewe uko hapo, kwa maana asingeona tungekuwa na mtu wa kumlaani mpaka leo. Sheria ilitimizwa yote, kadi nyekundu na penalti. Ila kilichochukuliwa kilikuwa goli, na kilicholipwa kilikuwa nafasi ya kupata goli. Pengo baina ya hivyo viwili ndilo tuliloachiwa.

Wala halikuwa pengo la Waghana peke yao. Kameruni walikwama hatua hiyohiyo mwaka 1990, Senegal mwaka 2002. Wenyeji, Afrika Kusini, walishatolewa kwenye makundi, na mashabiki wao wakawachukua Ghana kuwa wao, wakiwaita BaGhana BaGhana. Tuliobaki hatukuhitaji hata kuwabatiza jina.

Gyan alikuwa ameshafunga penalti mbili katika mashindano yale, dhidi ya Serbia na Australia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani apige. Baada ya Gyan kukosa, Suárez akaonekana akishangilia pembeni, njia ya kwenda vyumbani. Picha hiyo watu wanaikumbuka. Mimi nang'ang'ania nyingine: matuta yalipoanza, mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan huyohuyo. Akaenda, akapiga juu kabisa, akafunga. Sijui miguu yake ilitoa wapi nguvu hizo. Halafu kipa wa Uruguay, Fernando Muslera, akadaka ya John Mensah na ya Adiyiah, Sebastián Abreu akamalizia kwa kijimpira cha kudokoa, 4–2.

Msiba wa nyumbani una taratibu zake. Watu hukaa, hulia, hupikiwa, kisha matanga huanuliwa na kila mtu hurudi kwake. Shabiki hana wa kumwanulia. Alingoja miaka 12, hadi Desemba 2, 2022, Ghana na Uruguay walipokutana tena huko Qatar. Siku moja kabla, Suárez alisema haombi radhi. Uruguay wakashinda 2–0, na bado wakatoka kwa upungufu wa goli moja, kwa kuwa Korea Kusini waliwafunga Ureno mwishoni. Suárez alilia kwenye benchi. Mashabiki wa Ghana, ambao timu yao nayo ilikuwa imetolewa, walishangilia! Wapo walioona haya kwa niaba yao; mimi sikuona. Mfiwa hachaguliwi namna ya kupumua.

Siku nane baadaye Morocco waliwafunga Ureno 1–0, timu ya kwanza ya Afrika kuingia nusu fainali. Nilidhani hiyo ingetosha. Asubuhi yake kijiweni mazungumzo yalianzia kwa Morocco, na kabla kahawa haijapoa yalikuwa yamefika kwa Suárez. Mmoja anasema hata yeye angeudaka ule mpira, taifa ni taifa. Mwenzake kashanyanyuka kwenye benchi, anamwuliza kwa hasira yuko upande wa nani.