Ua la Mlangoni

Kando ya mlango wa jikoni wa bibi kizee mmoja palikuwa na kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya waridi. Alikipenda kwa kuwa hakikudai maji hata wakati wa kiangazi. Mjukuu wake wa miaka sita alipovimba taya, jirani alimletea habari: dawa ya saratani wanayodungwa wagonjwa Mulago, Kampala, hutokana na ua hilo hilo. Ya nini basi nauli? Birika likatelekwa.

Jirani hakusema uongo, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Asili ya ua hilo ni kisiwa cha Bukini, nalo limeenea katika nchi nyingi za joto. Huko Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kwa kutibu kisukari, na katika miaka ya 1950 majani hayo yaliwafikia Robert Noble na Charles Beer nchini Kanada. Sukari katika damu ya panya waliowajaribia haikushuka. Lakini panya waliodungwa maji ya majani hayo walikufa kwa maambukizo, maana chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimepungua mno. Kinachoangamiza chembe zizaliwazo upesi namna ile, je, hakitaangamiza na zile za saratani? Ndivyo ilivyopatikana vinblastini mwaka 1958, kisha ikafuata vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Dawa hizo huharibu nyuzi ambazo chembe huzihitaji ili kujigawa.

Lakini tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu za vinkristini, ilhali mgonjwa hutiwa mshipani miligramu moja au mbili, baada ya damu yake kupimwa. Birikani hapana apimaye. Mna sumu za kila namna, na ile itakiwayo ni kidogo mno.

Tena uvimbe kama ule, ambao daktari Denis Burkitt aliuandikia habari mwaka 1958 akiwa Kampala, haungoji. Siku nne za chai zilipopita, jicho la mtoto lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Mama yake aliuza mbuzi wawili, wakasafiri wote watatu.

Muuguzi alipoandaa sindano, bibi kizee aliuliza kama kweli ni ua lake.

“Ndilo, nyanya.”

Akanyamaza, akamshika mtoto mkono mwingine.