Nondo wa Mahindi



Ndugu wasomaji, mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nalivuna mahindi hapa Songea, nikachagua yaliyo bora yawe mbegu. Mke wangu akaniambia, "Baba, tuyatundike na maganda yake juu ya jiko yapate moshi, kama wafanyavyo wazee." Nami nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kale. Nikayamenya yote, nikayatia kihengeni, nikafunika.

Baada ya majuma kadhaa naliona vidudu vikiruka jioni karibu na kihenge, nikavidharau. Kumbe ndiye nondo wa nafaka. Rangi yake ni kama majani makavu, urefu wake milimita 6 hivi, na mabawa yake ni membamba, yenye manyoya pembeni. Nondo mwenyewe hali mahindi, wala haishi siku nyingi. Lakini jike hutaga mayai juu ya punje, pengine mahindi yangali shambani. Mayai huwa meupe, kisha hugeuka mekundu. Funza akianguliwa hutoboa punje moja, akakaa humo na kuila kwa ndani. Akiisha kukua huchimba mlango, lakini huacha ngozi nyembamba ya punje iwe kifuniko. Hulala humo hata ageuke nondo. Ndipo huisukuma ngozi ile, akatoka. Penye joto, tangu yai hata nondo ni kama majuma 5. Basi vizazi hufuatana upesi.

Mvua za Desemba ziliponyesha, nalifungua kihenge. Punje nyingi zilikuwa na matundu. Nyingine zilionekana nzima, lakini nilipozitia majini zikaelea. Na Jumapili ile ile nalikuwa nimewafundisha wakatekumeni habari ya kukesha!

Mama mmoja mjane, ambaye tulizoea kumsaidia chakula, ndiye aliyenipa mbegu. Mahindi yake yalikuwa na maganda yaliyofunga vema, meusi kwa moshi. Naliyapokea kwa mikono miwili, nami naliona haya.

Basi, ndugu zangu, yaanikeni mahindi hata yakauke sana. Ya mbegu yatundikeni penye moshi. Yaliyopukuchuliwa changanyeni na majivu. Tazameni akiba kila juma, na mkiona nondo mmoja, msingoje wa pili.

Nanyi akina baba, mke asemapo neno la hekima, msikieni. Mimi nalifunika kihenge, lakini aliyeharibu alikuwa ndani tayari, pamoja na kiburi changu.