Msanifu wa Ukurasa wa Tano

Kwa muda mrefu wa kazi yangu mjini Brussels nilikuwa mtu wa ukurasa wa tano. Jarida la muziki lina utaratibu wake. Jalada ndilo ukurasa wa kwanza, mgongo wake huuzwa kwa tangazo, na wa tatu, kwa kuwa uko kulia ambako jicho hutua kwanza, huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Wa nne nao ni tangazo. Yaliyomo yakabaki na wa tano, na miezi ya matamasha ya kiangazi, kampuni za bia na za simu zinapomwaga pesa, yakasukumwa hadi wa saba. Jarida lenyewe sitalitaja. Lilishakufa, na wengi tuliofanya kazi pale bado tunasalimiana.

Ufundi sikuuanzia Ulaya. Nimezaliwa Kigoma, nikajifunza kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, tukipiga risiti, kadi za harusi na mabango ya dansi. Bango la dansi ni mwalimu mkali. Jina la bendi lazima lisomwe na mtu aliye ndani ya basi linalokwenda. Chini yake ukumbi, tuseme DDC Kariakoo, kisha siku, na kiingilio kwa herufi ndogo kuliko zote, maana anayetaka kuingia atakitafuta mwenyewe. Rangi mbili, ukibahatika. Niliyoyakuta baadaye kwenye majarida ya London na Paris yalikuwa mambo hayohayo, ila kwa karatasi inayong'aa.

Nilifika Brussels mwaka 1991, nikimfuata mume wangu aliyekuwa masomoni. Ofisi ilikuwa ghorofani karibu na Porte de Namur, na ukivuka barabara umeingia Matonge, mtaa wa Ixelles uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandika. Makala yalitoka mashineni yakiwa vipande virefu vya karatasi. Tukavipaka nta mgongoni, tukavilaza juu ya meza ya mwanga na kuvinyoosha kwa rula. Kipande kikienda upande kwa milimita moja, mhariri haoni, mchapaji anaona. Zilipokuja kompyuta na programu ya QuarkXPress nta ikatupwa, na meza ya mwanga ikawa ya kuwekea vikombe vya kahawa.

Ukurasa wa yaliyomo nilikabidhiwa kwa sababu hakuna aliyeutaka. Waandishi huona ni orodha tu, wapiga picha huona ni mahali pa kukatiwa picha zao. Mimi nilikuwa nimeshapiga mabango ya kutosha kujua kuwa orodha ndiyo inayouza.

Msomaji hauangalii kwa muda, hivyo kila kitu mle kina cheo chake. Juu kabisa jina la jarida hurudiwa kwa udogo, pamoja na namba ya toleo na mwezi. Picha moja itawale, nusu ya ukurasa au karibu yake, na asiwe nyota yuleyule wa jalada ila kama huna mwingine. Wa jaladani kashauza jarida, huyu wa ndani ni wa kumfanya mnunuzi asijute. Namba ya ukurasa ikae juu ya picha yenyewe, mtu asiitafute. Jina la msanii kwa herufi nzito, na chini yake sentensi moja kwa herufi nyepesi inayochokoza bila kumaliza habari. Makala makubwa upande mmoja. Barua, uhakiki wa albamu na ratiba ya maonyesho hubanwa kwenye safu nyembamba, kwani anayezitaka anajua zilipo. Pembeni picha ndogo ya jalada na jina la aliyeipiga, chini kabisa kisanduku cha kujiandikisha. Rangi zisizidi tatu, na moja itoke kwenye nembo: Q, jarida la London lililoanza mwaka 1986, lilikuwa na herufi nyeupe ndani ya mraba mwekundu, na wekundu ule ulitembea hadi kurasa za ndani. NME, jarida lingine la muziki la Uingereza, waliorodhesha pia majina ya bendi zilizotajwa toleoni na kurasa zake. Hilo nililiiba bila aibu. Mpenzi wa bendi isiyojulikana hununua jarida zima kwa ajili ya aya moja.

Wekundu wetu sisi ulikuwa na sababu nyingine, ya kiwandani. Jarida lilitoka kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Ukurasa wa rangi huchapwa kwa sahani nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ukitaka lugha ya pili kwa gharama ndogo unabadilisha sahani nyeusi peke yake. Ukigusa zote nne, umechapa jarida la pili. Kwa hiyo maneno yote yalikuwa meusi, na herufi nyeupe juu ya picha zilipigwa marufuku, maana hizo hutoboa sahani zote. Namba hazina lugha, hivyo zikawa nyekundu na kubwa kadiri nilivyotaka. Wanafunzi wa usanifu walikuja kutuuliza kuhusu mtindo wetu wa namba nyekundu na maneno meusi. Niliwaambia waulize bei ya sahani.

Wakati huo kila kijana wa fani alikuwa akimtaja Neville Brody, aliyekuwa msanifu wa jarida la The Face kule London. Toleo baada ya toleo alikivunja kichwa cha ukurasa wa yaliyomo, herufi zikimomonyoka hadi zikabaki alama tu, na wasomaji walimfuata, kwa kuwa ukurasa ulikuwa palepale na namba zilisomeka. Hapo nilimvulia kofia. David Carson wa Ray Gun, jarida la Marekani lililoanza mwaka 1992, alifika mbali zaidi: mwaka 1994 mahojiano na Bryan Ferry yalimchosha, akayapanga kwa fonti ya vialama isiyosomeka. Wenzangu walicheka hadi machozi. Mimi nilimfikiria aliyekwenda kuhoji, akarudi, akaandika.

Yaliyomo hufungwa mwisho. Ukutani palikuwa na mchoro wa kurasa zote, visanduku viwiliviwili kutoka jalada hadi jalada, na mtu wa matangazo alikuwa na haki ya kuufuta hadi saa ya mwisho. Jarida la kushonwa kwa pini haliongezeki kwa ukurasa mmoja, huongezeka kwa kurasa nne. Tangazo moja likichelewa na likilipa vizuri, makala husogea, na kila namba baada yake huwa ya uongo. Nilikuwa nazisoma kwa sauti, mwenzangu akifunua kurasa na kujibu "ndiyo". Mchapaji akipiga simu kuuliza tumekwama wapi, tulimwambia tunahesabu.

Katika kuhesabu huko ndiko nilikoona nani anahesabiwa. Mwaka 1987 wenye lebo ndogo walikutana katika baa ya London iitwayo Empress of Russia, wakakubaliana juu ya jina, "muziki wa dunia", la rafu moja ya madukani itakayokusanya muziki wote uliokosa rafu. Kwa mwenye duka lilikuwa wazo la maana. Kwenye ukurasa wangu rafu ile ikawa kijichwa "Dunia", chini kabisa ya safu nyembamba, bila jina la mtu, kina namba moja tu. Humo wakasongamana Cesária Évora, wapiga ngoma wa Burundi na Kinshasa nzima.

Mpiga gitaa mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akipiga Matonge mwisho wa wiki, alipanda ngazi zetu siku jarida lilipotoka. Alijua kaandikwa. Akateremsha kidole kutoka juu hadi chini ya ukurasa.

"Dada, jina yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha: Dunia, 58.

"Sasa mimi niko Dunia," akasema, "na bale bengine beko wapi?"

Kwa mhariri nilipeleka hoja ya kazi, si ya huruma. Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuja Brussels Januari 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Mviringo uliojadili uhuru wa Kongo, na wimbo "Indépendance Cha Cha" ulizaliwa hapa, ukapigwa Hoteli Plaza, mwendo wa miguu kutoka ofisini kwetu. Franco, mwanamuziki wa Kongo, alifia Ubelgiji Oktoba 1989. Zap Mama, kundi la Marie Daulne aliyezaliwa Isiro, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1991 kwa Crammed Discs, lebo ya mji huuhuu. Kati ya hao na gitaa la Manchester, yupi wa mbali?

"Wasomaji hawawajui, madame," akanijibu.

"Hawatawajua kwa herufi za pointi sita."

Hakukubali, ila orodha ya majina niliyoiiba NME ilikuwa yangu kuipanga, nami niliipanga kwa alfabeti. Alfabeti haina bara. Kanda Bongo Man akakaa kati ya Joy Division na Kraftwerk, Wenge Musica kati ya Weller na The Who, kwa herufi zilezile na uzito uleule. Barua zikaanza kuja zikiuliza Wenge ni nani. Mhariri anaziheshimu barua kuliko hoja. Mwaka 2004 Crammed walipotoa Congotronics ya Konono N°1, wale wapiga likembe za umeme walipewa picha ya nusu ukurasa, na kijichwa "Dunia" kikaondolewa bila mtu yeyote kutangaza. Ilipofika 2013 na "Papaoutai" ya Stromae, mwana wa Brussels mwenye baba Mnyarwanda, hakuna aliyeuliza awekwe sehemu gani.

Jarida letu lilifungwa matangazo yalipohamia kwenye simu. NME waliacha kuchapa jarida lao la kila wiki mwaka 2018, Q ikafa 2020. Lakini sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1965 inamtaka mchapishaji aweke nakala katika Maktaba ya Kifalme, KBR, pale Mont des Arts, kwa hiyo kazi za aina yetu zinaweza kuonekana. Wewe unayesanifu jarida Dar, Nairobi au Bukavu, ukipita Brussels nenda ukaombe majarida ya muziki ya miaka ya tisini, uone nani kapewa picha na nani kapewa namba tu. Kisha angalia lako: taarabu umeiweka wapi, na kwa herufi za ukubwa gani?