Sayansi Barazani

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mwaka wa 2012, Michael Motskin na Praveen Paul, watafiti wa Imperial College London, waliwaalika wagonjwa wa Parkinson na maradhi mengine ya neva kuzuru maabara zao. Mei 2013 safari ikageuzwa: watafiti wakawaendea watu baani, wakaeleza kazi zao huku wasikilizaji wakinywa na kuuliza. Ndivyo Pint of Science ilivyozaliwa.

Habari hiyo ilinikumbusha mama. Jioni moja, akitoka kliniki ya kisukari, aliniuliza, "Mwanangu, hiyo pankriasi waliyoitaja ni kitu gani?" Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, nikababaika. Kesho yake kamusi ikanipa neno: kongosho. Tukiambua maharagwe, nikamweleza kuwa kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari mlango wa kuingia katika seli. Akacheka. "Kumbe ni hayo tu?" Miaka miwili alikuwa akimeza dawa asiyoijua kazi yake.

Baa si lazima, wenzangu, baraza latosha. Lakini mtafiti atakayeketi hapo bila Kiswahili atakuwa angali amejifungia maabarani. Ufunguo tunao sisi.